Baharia wa Korongo Kavu

Tumsifu aliamini hakuna kitu duniani ambacho yeye na simu yake wangeshindwa. Kukaanga maandazi alijifunzia kwenye simu, yakatoka magumu kiasi kwamba ukimrushia mbwa anaona umemkosea heshima. Kusuka nywele alijifunzia kwenye simu, mdogo wake akashinda na kofia wiki nzima kwenye jua kali. Kiingereza nacho alikitoa hukohuko, kwa watu wanaouza vipodozi, kwa hiyo hata akikusalimia unashika mfuko wako vizuri. Basi siku Mjomba Cornel alipoitisha kikao cha familia pale nyumbani Miyuji, Dodoma, na kuuliza nani ataandika wasifu wa marehemu Babu Methusela, mkono ulioruka juu kabla swali halijaisha ulikuwa wa nani? Wa Tumsifu, bana. Nani mwingine.

"Unajua wasifu unavyoandikwa?" Mjomba akauliza.

"Mjomba, mimi nina wafuasi mtandaoni."

"Sijauliza hilo."

"Najua, Mjomba. Naujua kabisa."

Mjomba Cornel anafanya kazi serikalini kule Mtumba, na ni mtu wa itifaki. Hata mlenda anakula kama vile kuna atakayetoa neno la shukrani mwishoni. Alimwangalia mpwa wake, akaangalia wengine waliokuwa wanaangalia sakafu, akashusha pumzi. "Haya. Ukurasa mmoja. Na usiweke vile vikatuni vya kucheka."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Bibi Evelina, mama yake Mjomba na bibi yake Tumsifu, alikuwa na kaka mmoja tu, huyo Methusela. Alikuwa mwanamaji wa jeshi. Akafa kijana mbichi wakati wa vita ya Kagera, wenzake wakamzika hukohuko Mwanza, na nyumbani haikufika hata kofia yake. Nyumbani ni kijiji kilichoko ndani kidogo ukiiacha barabara kuu pale Kibaigwa. Sasa mwaka huu Mjomba alikwenda Mwanza kikazi, akazunguka mpaka akalipata kaburi, akachota udongo wake na kuuleta Dodoma ndani ya kopo la siagi. Udongo huo ndio ungezikwa kijijini, pembeni ya kaburi la mama yake Methusela, na msalaba usimikwe juu.

Kopo likakaa juu ya kabati la sebuleni. Siku ya kwanza Tumsifu alilifungua akiwa na kipande cha mkate mkononi. Tusiseme zaidi.

Kesho yake alimfuata Bibi uani kumhoji. Bibi alikuwa anachambua karanga kwenye ungo. Tumsifu akavuta kigoda, akakaa, akafungua sehemu ya kuandikia kwenye simu, akakohoa kidogo kama watangazaji.

"Bibi, tuanze. Huyu Methusela ni jina la yule wa kwenye Biblia, aliyeishi miaka mia tisa na ushee?"

"Huyohuyo. Baba alitaka mwanawe aishi sana." Bibi akatoa karanga mbovu, akaitupia kuku. "Hakufika hata miaka ishirini na mbili."

Tumsifu akikwama huwa anaangalia simu. Akaangalia simu.

Picha ya marehemu ilikuwa moja tu, imefifia pembeni. Kijana mwembamba kavaa sare nyeupe, kofia imemkalia kichwani kama sahani iliyosahauliwa, masikio yametoka huku na huku.

"Kofia waliazimana pale kwa mpiga picha," Bibi alisema. "Masikio ni ya kwake."

"Alianzaje kuipenda bahari?"

"Bahari? Methusela alikuwa hajaona hata bwawa la maana. Walikuwa JKT, wakaambiwa wajipange, wanaotaka jeshi la nchi kavu huku, wanaotaka majini kule. Mstari wa majini ulikuwa kwenye kivuli cha lori. Akaenda kivulini."

Tumsifu akaandika: *Tangu utotoni marehemu alikuwa na mapenzi makubwa na bahari.*

"Na alikufaje, Bibi? Kwenye mapigano?"

"Malaria. Ilimpanda kichwani. Alikuwa kwenye boti za doria kule ziwani, akaugua, akalazwa Mwanza. Hakutoka."

Jamani, malaria? Atasimamaje mbele ya watu na kipaza sauti aseme baharia wa vita kauawa na mbu? Nani ataposti mbu? "Bibi, malaria hata mimi niliumwa mwaka jana. Nikapewa dozi, nikaenda shule."

"Wewe ulipewa dozi," Bibi akasema, akaendelea kuchambua.

Halafu akaanza kuongea polepole, macho yake kwenye ungo. Akaeleza walivyokuja askari wawili kuleta habari. Mwili haukuja, kwa hiyo maziko hayakuwepo, na kwa kuwa maziko hayakuwepo, watani hawakuitwa. Watu walilia, wakatoa heshima, wakaenda zao. Tangu siku hiyo Methusela akawa mtu wa kutajwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa.

"Lakini mtu wa kwetu hazikwi kwa machozi matupu," Bibi alisema. "Mpaka mtani aje amcheke, ndiyo amefika nyumbani. Mama alikufa anasema Methusela bado yuko njiani. Alisema hivyo mpaka siku ya mwisho. Na mimi ndiye niliyebaki. Nikiondoka mimi, nani atasema huyu alikuwaje? Nimemwita Bartolomayo. Siku ile akija Bartolomayo, nitajua kaka yangu amefika."

"Mmh," alisema Tumsifu. "Kweli kabisa, Bibi."

Alikuwa anatafuta picha ya meli.

Katika maneno yote yale, lililomwingia lilikuwa jina moja. Bartolomayo. Mtu anayesubiriwa namna hiyo lazima ni mkubwa, labda askofu mstaafu, labda ofisa wa jeshi. Akamwandika kwenye ratiba ya Mjomba kama mgeni rasmi, na akahakikisha atawekewa kiti chenye kitambaa cheupe na chupa ya maji pembeni. Kwa upande wa heshima, alijipa alama zote.

Bango alilibuni mwenyewe. Juu aliandika SHUJAA WA MAWIMBI. Nyuma akaweka meli ya kivita aliyoitoa mtandaoni, kubwa, ina ndege zimejipanga juu yake kama uwanja unaoelea. Ilikuwa na bendera, na bendera haikuwa yetu, kwa hiyo akaiziba na sikio la Babu. Sikio lilitosha, likabaki.

Siku yenyewe upepo wa Julai ulikuwa unavuma kijijini kama umetumwa. Mahindi yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Turubai lilifungwa mbele ya nyumba ya zamani ya wazazi wa Bibi, karibu na makaburi ya familia, na shimo dogo la udongo lilikuwa tayari limechimbwa. Tumsifu alivaa gauni jeupe kwa ajili ya picha. Gauni jeupe, kijijini, Julai. Kama alikuwa na akili siku hiyo, basi aliiacha Miyuji kwenye chaji.

Mchungaji akaomba. Kwaya ikaimba. Mjomba Cornel, ndani ya suti, akasimama na kusema tunakwenda vizuri na muda. Kisha akamwita Tumsifu.

Aisee, alisoma. Alisoma kwa ile sauti ya watangazaji wa habari za huzuni, anashusha hapa, anapandisha pale. Akasoma mapenzi ya utotoni kwa bahari. Akasoma unahodha, ambao Babu hakuwahi kuusikia. Akafika kwenye vita: "Katika usiku wa giza nene, nahodha Methusela, peke yake, alizizamisha meli tatu za adui, akapigana mpaka tone la mwisho la damu yake."

Bibi Evelina, pale mbele, kopo lake mapajani, aliinamisha kichwa. Tumsifu akaona, akajisemea moyoni: fahari hiyo, kazidiwa na fahari.

"Mbukwenyi!"

Salamu ya Kigogo, imetokea nyuma kabisa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele sokoni. Watu wakageuka. Mzee mmoja alikuwa anaingia kwa kuyumba, suruali kaikunja hadi magotini, kichwani kavaa mfuko wa unga uliokunjwa ukawa kofia ya mwanamaji, beseni kalishika chini ya kidevu. Kila hatua mbili anainama na kutapika kwenye beseni, yaani anaigiza, lakini anaigiza kwa bidii mpaka mama mmoja akasogeza miguu.

"Shikilieni viti! Mawimbi hayo! Nani kamwaga ziwa hapa?" Akafika kwenye bango, akasimama, akakodoa macho. "Eeh Methusela! Mbona ndege zimekukalia mgongoni kama yangeyange kwenye ng'ombe? Na hili sikio, mbona halijapona tu?"

Nyuma kabisa mtu akaangua kicheko, akakimeza, maana kipaza sauti kilikuwa bado kinaunguruma.

"Nahodha!" Mzee akaendelea, anatapika. "Huyu aliyekuwa akivuka dimbwi anamshika dada yake mkono! Meli tatu! Mwongo mkubwa wewe, hata mtumbwi ulikuwa unakukimbia!"

Tumsifu damu ikampanda. Mtu anamtukana marehemu, mbele ya bibi yake, katikati ya aya nzuri kuliko zote! Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na maneno yake yakaenda mpaka kwa majirani wa ng'ambo: "Samahani jamani, huyu mzee amelewa. Vijana wa ulinzi, naomba atolewe."

Vijana wa ulinzi walikuwa binamu zake wawili kutoka mjini, wamevaa miwani myeusi ya kuazima, na siku nzima walikuwa wanaomba Mungu litokee tukio. Wakamshika mzee mikono. Hakubisha. Alivua ile kofia ya mfuko wa unga, akaipachika kwapani, akaondoka nao kimya kama mtu aliyekosea nyumba.

Bibi mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Halafu wakaanza kuinuka watu, mmoja huku, wawili kule, wazee kwa vijana, bila kelele, wakamfuata mzee yule. Aliyekuwa ameshika jembe la kufukia akaliegemeza ukutani taratibu, kama anarudisha kitu cha watu, naye akaenda.

"Tumsifu." Bibi hakupaza sauti. "Umemtoa nani?"

"Kuna mzee tu amelewa, Bibi, lakini tumeshamdhibiti."

"Yule ndiye Bartolomayo."

Tumsifu akaangalia kiti chenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kitupu, na upepo ulikuwa umeshakigeuza rangi ya udongo. Akamwangalia Mjomba, Mjomba akaangalia ratiba, akageuza na upande wa nyuma. Hakukuwa na kipengele cha mtani kufukuzwa.

"Mtani ndiye anayetia udongo wa kwanza," mchungaji alimnong'oneza Tumsifu, kwa upole kabisa, ule upole unaoumiza. "Kwenye familia yenu ndivyo ilivyo, mwanangu. Mimi nasali tu."

Bibi Evelina alilifunika kopo kwa ncha ya khanga yake. "Basi," akasema. "Nitarudi naye Miyuji. Kungoja amezoea."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu, Tumsifu angelia, wangemaliza. Lakini aliliweka lile kopo vizuri mapajani, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, na hapo ndipo maneno ya uani, yale ya kwenye ungo wa karanga, yalipomrudia Tumsifu yote kwa pamoja. *Mpaka mtani aje amcheke, ndiyo amefika nyumbani.* Alikuwa amesikia kila neno. Alichojibu ilikuwa "mmh". Kaka wa Bibi kafika mpaka mlangoni baada ya miaka yote ile, na mlinzi aliyemzuia mlangoni ni yeye, kavaa gauni jeupe.

Akaweka kipaza sauti chini, akatoka mbio.

Aliwakuta kwenye korongo, chini kidogo ya kijiji. Mto ule unapitisha maji wakati wa masika tu, na sasa ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, laini. Mzee Bartolomayo alikuwa amekaa katikati yake na wenzake, wanakula karanga kutoka kwenye ile kofia ya mfuko wa unga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na polisi?"

"Hapana, babu. Nimekuja mwenyewe kuomba msamaha. Sikujua kama wewe ndiye Bartolomayo. Nilidhani… nilidhani umelewa."

Wenzake wakacheka hadi mmoja akapaliwa. "Mimi ni mzee wa kanisa," Bartolomayo alisema. "Maisha yangu yote nimebeba magunia pale soko la mahindi Kibaigwa, na pombe sijawahi kuonja. Leo nimelewa kwa mara ya kwanza, na nimeambiwa kwa kipaza sauti."

Tumsifu alitamani mchanga umfunike. "Rudi, babu. Bibi anataka kuondoka na kopo."

"Nirudi kumzika nani? Hebu nisomee tena hiyo karatasi."

"Ipo kwenye simu."

"Nisomee hiyo simu."

Akasoma. Kwenye turubai yale maneno yalikuwa yanang'aa. Hapa, katikati ya mchanga, mbele ya wazee wanaotafuna karanga, yalitoka kama yale maandazi yake. Alipofika kwenye meli ya tatu sauti yenyewe ikagoma.

"Huyo mtu simjui," Bartolomayo alisema. "Simzomei mtu nisiyemjua. Mimi nilikuja kwa ajili ya Methusela. Unamjua Methusela?"

"Hapana," alisema Tumsifu, na hilo likawa neno la kwanza la kweli kutoka mdomoni mwake tangu asubuhi.

"Kaa chini."

Akakaa, na gauni lake.

Bartolomayo akaeleza. Methusela alipokuja likizo ya kwanza alivaa sare nyeupe ili kijiji kimwone. Akashushwa barabarani, akatembea mpaka nyumbani, upepo kama huu wa leo. Alipofika alikuwa mwekundu kama tofali, mbwa wa kwao wakamfukuza mpaka kwa jirani. Jioni wazee wakakusanyika wasikie habari za bahari. Akawaambia ni maji, maji mpaka macho yanachoka, na huwezi kuyanywa. Wakamwona mwongo. Baba yake akauliza swali moja tu: maji yasiyonywesha ng'ombe ni maji ya kazi gani? Methusela akasema ndiyo maana jeshi limeyapanga mbali na watu.

"Na kesho yake akatuleta hapa," Bartolomayo akasema, akapiga mchanga kwa kiganja. "Hapahapa. Akasema, ninyi siku mkiyaona maji mtakufa wote, njooni niwafundishe kuogelea. Akatulaza kifudifudi kwenye mchanga, kijiji kizima cha vijana, akapita katikati yetu ana fimbo anapiga kelele kama ofisa. Mkono! Mguu! Pumua! Na yeye mwenyewe hajui, tulikuja kusikia kwa wenzake, alikuwa anashika ukingo wa boti kama mtoto anavyoshika sketi ya mama. Lakini alitufundisha. Aliyefaulu kuliko wote alikuwa bibi yako."

"Bibi Evelina?"

"Alikuwa binti wa umri wako. Alikuwa anaogelea mchanga huu kama kenge."

Tumsifu akacheka. Kicheko kilimtoka tu, na kilipotoka akashtuka, akaziba mdomo.

"Usizibe," Bartolomayo alisema, na sasa hakuwa anatania. "Huyo ndiye Methusela. Hicho ndicho bibi yako anachongojea, binti. Machozi alishapewa ya kutosha." Akakung'uta maganda ya karanga, akaivaa kofia yake. "Haya. Mtani akifukuzwa hulipwa faini. Na wewe ni mjukuu wa Methusela, kwa hiyo na wewe ni mtani, ulitakiwa usimame na mimi. Makosa mawili. Lala chini, ogelea."

"Babu, hapa hakuna maji."

"Kwani yeye alikuwa na maji?"

Basi Tumsifu, mwenye wafuasi, mwenye gauni jeupe, akalala kifudifudi kwenye korongo na kuanza kurusha mikono. Mchanga ukamwingia puani. Wazee wakaanza kupiga vigelegele na makofi, Bartolomayo anatapika kwenye beseni na kuamrisha, "Mkono! Mguu! Pumua!" na kelele zikapanda mpaka kijijini. Watu wakaacha turubai wakaja ukingoni kuangalia nini tena kimetokea. Binamu zake wenye miwani walifika wa kwanza, simu mkononi. Tumsifu akajua kesho yuko kila mahali, kwa namna ambayo hakuipanga. Akaendelea kuogelea.

"Miguu!"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Alikuwa amesimama ukingoni na kopo lake, khanga inapepea. "Miguu inanyooshwa! Mbona unakunja kama chura? Nani kakufundisha?"

"Simu, Bibi!" Tumsifu akapiga kelele kutoka mchangani.

"Imekudanganya!"

Bibi Evelina akashuka. Watu wakampisha. Alimpa Mjomba Cornel kopo, akafunga khanga kiunoni vizuri, akapiga magoti, halafu taratibu, kwa mikono, akajilaza kifudifudi kwenye mchanga wa korongo la kwao. Akanyoosha miguu. Mkono, mguu, pumua. Alikwenda mbele kidogo tu, urefu wa mkeka labda, lakini alikwenda, na kichwa chake kilikuwa kinageuka pembeni kuvuta hewa kama alivyofundishwa na mtu asiyejua.

Kisha akaacha kuogelea, mabega yakaanza kutikisika. Tumsifu akamtambalia haraka akidhani analia. Hakuwa analia. Yaani machozi yalikuwepo, yamechanganyika na mchanga usoni mwake, ila alikuwa anacheka, kicheko kimoja kirefu ambacho Tumsifu hajawahi kukisikia pale Miyuji hata siku moja.

"Mnajua alimwambia nini yule askari mwenzake?" Bibi alisema alipopata pumzi, amekaa mchangani, kijiji chote kimemzunguka. "Yule aliyekuwa anamuuguza, aliyekuja kutuletea habari. Alimwambia, 'Aibu hii, baharia kuuawa na mbu. Ukifika nyumbani waambie nimezama.' Yule askari alitusimulia pale sebuleni, na mimi nilitaka kucheka. Nilibana mbavu. Watu wote walikuwa wanalia, nikaona nitachekaje? Nimebana tangu siku hiyo."

"Amezama wapi?" Bartolomayo akadakia, beseni kidevuni. "Kwenye bakuli la uji?"

Watu wakaanguka. Hata mchungaji aliangalia pembeni, na suti ya Mjomba Cornel ilikuwa inatikisika peke yake.

Wakarudi kwenye makaburi kwa kelele, kama watu wanaotoka harusini. Bango upepo ulishaling'oa, limelala kifudifudi nalo. Tumsifu hakushika kipaza sauti tena. Bibi alimwambia, "Sema sasa," akasema bila karatasi wala simu, mchanga ukimdondoka kwenye nywele. Kwamba Methusela aliingia jeshi la majini kwa sababu ya kivuli cha lori. Kwamba hakujua kuogelea, na alikifundisha kijiji kizima. Kwamba alikwenda vitani na boti, na aliugua malaria na kufa mbali na mama yake, na hata akiwa kitandani alikuwa anajicheka. Yalikuwa maneno machache, na katikati alisahau mwaka, lakini hakuna aliyemzomea isipokuwa Bartolomayo, ambaye ilikuwa kazi yake.

Mzee akapokea kopo. Akalitikisa sikioni. "Mbona mwepesi hivi? Jeshini hawakukulisha?" Akainama juu ya shimo, mdomo unacheza bila sauti. Kisha akamimina. "Karibu nyumbani, mwongo. Umechelewa. Mama yako kakuwekea nafasi hapa pembeni, usimsumbue na habari za maji."

"Amefika," Bibi Evelina alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyesikia mlango.

Aliyeacha jembe ukutani akalichukua, wakafukia, msalaba ukasimikwa. Watu walipoanza kusogea kwenye chakula, Bibi akaliokota lile kopo tupu, akalifuta kwa khanga, akamkabidhi Tumsifu.

"Rudi nalo Miyuji," akasema. "Ulioshe vizuri. Na mkate usichovye tena."